Risiti kwa Jina Langu

Ng'ambo, Tabora
20 Februari 1967

Mwanangu Shomari,

Assalaam alaykum. Huku kwetu ni salama. Mvua inanyesha mpaka vyura wamehamia jikoni. Goti la baba yako linamsumbua, mdomo haumsumbui hata kidogo, na anakusalimu. Mama yako anauliza kama unakula. Mimi shangazi yako sina maradhi yoyote ila furaha. Salamu zimetosha, sasa vuta kiti ukae.

Serikali imeniandikia barua! Mimi! Mwamvita binti Nassibu, jina limepigwa taipu, herufi zote zipo. Imekuja kwa sanduku la posta la Bwana Mansukh, yule ninayemuuzia nta na asali. Tobias, mwanafunzi wa seminari ya Kipalapala anayekuja kununua asali ya mapadri, ndiye aliyenisomea Kiingereza chake. Anasema ni kodi ya mapato. Serikali imeona ninavyouza, sasa inataka nijaze fomu nieleze mwaka jana nilipata nini, na ifike ofisini kabla ya tarehe thelathini na moja Machi.

Jirani zangu wananipa pole. Pole ya nini? Wakati wa Mwingereza kodi ilikuwa ya vichwa vya wanaume. Babu yako, Mungu amrehemu, akisikia askari wa kodi wamefika Isevya alitokea mlango wa uani akaenda kulala mashambani kwa watu. Sisi wanawake hatukuulizwa kitu, tulikuwa tunahesabiwa pamoja na vyungu. Leo naulizwa! Wiki iliyopita tumeandamana kuunga mkono Azimio, nimeimba kujitegemea mpaka kandambili moja ikapotelea sokoni. Basi nami nataka kulipa, tena kwa jina langu hilihili lililopigwa taipu.

Tatizo ni moja. Hesabu yangu ya mwaka jana bado iko porini. Wewe unafanya kazi kwa mhasibu, niambie nifanyeje. Upesi!

Shangazi yako,
Mwamvita

---

Dar es Salaam
3 Machi 1967

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Barua yako imenikuta mzima, na joto la huku bado halijaniua. Mwambie Mama nakula. Baba namshikia miguu, hilo goti alipeleke hospitali, si kwa yule muuza mafuta ya nyoka.

Nimefurahi kwa furaha yako, ingawa Bwana Tajdin, tajiri wangu, nilipomwambia kuna mtu Tabora anashangilia fomu ya kodi, alivua miwani akaifuta. Amenisaidia kuelewa jambo lako, nami nakuandikia polepole.

Ikiwa hesabu haijafungwa, unaweza kuomba kuongezewa muda wa kuleta fomu. Ombi lenyewe nimekuandikia, limo ndani ya bahasha hii, tia saini yako chini. Lakini shangazi, shika hili: kuongezewa muda wa kuleta fomu si kuongezewa muda wa kulipa. Fomu itasubiri, fedha hazisubiri. Unatakiwa ukadirie sasa kodi yako itafika kiasi gani, uandike makadirio hayo, ulipe. Fomu kamili ikija baadaye, ukiwa umelipa pungufu utaongeza, ukiwa umezidisha utarudishiwa. Ukikadiria kidogo mno kwa makusudi, kuna faini. Kwa hiyo pale nilipoacha nafasi kwenye ombi, andika kiasi unachodhani utapata.

Na kuna swali lazima niulize, usinikasirikie. Sheria inasema mke anayeishi na mumewe, mapato yake huandikwa kwenye fomu ya mume, na mume ndiye anayesaini. Je, Mzee Mabruki bado yuko Ujiji? Na mliachana kwa talaka, au aliondoka tu?

Mwanao,
Shomari

---

Ng'ambo, Tabora
15 Machi 1967

Mwanangu Shomari,

Wa alaykum salaam na marahaba. Baba yako hakwenda hospitali, alisema daktari ni mtoto wa juzi. Binti wa jirani, Batuli, amemaliza ualimu na anauliza habari zako, mimi nasema tu. Mihogo imeoza kwa maji lakini mpunga unacheka. Tuna mgeni, amekuja na treni ya Kigoma, anakula kama ameajiriwa kula.

Ombi lako zuri nimelitia saini na kulipeleka mwenyewe, nimevaa khanga mpya. Karani alikuwa mstaarabu. Ile nafasi ya makadirio niliijaza pia. Niliandika: Mungu ndiye ajuaye.

Usinung'unike, nakusikia kutoka huku. Mwaka jana niliwapa warina asali wa Ipole kaniki, chumvi na madebe, kama kila mwaka. Vitu hivyo hurudi kwangu vikiwa asali mwezi wa sita, wakitoka porini. Ndipo tunaketi tunahesabu, huyu kaleta, yule kapungukiwa, na mwaka unafungwa. Sasa hivi asali ingali juu ya miti. Na asali ikiwa juu ya mti haitajwi kwa namba! Wewe umezaliwa huku, umesahau? Mwaka ule marehemu Shaban alipojigamba sokoni kwamba ana madebe hamsini yanamngoja, aliporudi mizingani alikuta nyuki wamehama na siafu wamekaribishwa. Niilipe Serikali kwa madebe ya Shaban?

Naomba uniambie nitafute njia gani. Nataka kulipa, lakini sitaki kufukuza nyuki wa watu.

Shangazi yako,
Mwamvita

---

Dar es Salaam
24 Machi 1967

Shangazi,

Shikamoo. Mimi mzima. Kwa Batuli, salamu.

Mungu ndiye ajuaye! Shangazi, nimesoma mstari ule nimesimama kituo cha basi, basi likaniacha. Bwana Tajdin amecheka mpaka akakohoa, kisha akaacha kucheka. Anasema ofisi inaweza kukukubalia muda wa fomu, lakini itakupa siku ya mwisho ya makadirio, na siku hiyo ikipita bila namba wao watakadiria wenyewe. Hao hawawajui nyuki. Wataangalia tu vitabu vya Bwana Mansukh, waone ulichouza, wasione kaniki wala chumvi wala lori ulilolipia, na watakutoza kama tajiri.

Sikwambii uvunje mwiko wa warina. Nakwambia ofisi haikuulizi asali, inakuuliza wewe. Ni kitu gani mkononi mwako kinachokwambia mwaka utakuwa mzuri au mbaya? Maana najua unajua. Kila mwaka unanunua khanga za sikukuu mwezi wa nne, kabla warina hawajatoka, na hujapata kukosea.

Swali langu la barua iliyopita hukulijibu.

Mwanao,
Shomari

---

Ng'ambo, Tabora
11 Aprili 1967

Shomari wee!

Wazima wote, goti halijambo, mpunga haujambo, salamu zimekwisha! Nimepata namba!

Ofisi imenijibu kama ulivyosema. Fomu nimepewa mpaka tarehe thelathini na moja Julai, lakini makadirio na fedha zake kabla ya mwisho wa Aprili. Nikakaa na swali lako siku nzima nikipepeta mchele. Kitu gani mkononi mwangu? Nikalipiga paja langu kofi mpaka kuku wakaruka. Madebe matupu!

Nikapanda lori la tumbaku linaloshuka Ipole. Njia ni matope matupu, tulisukuma mara nyingi kuliko tulivyopanda, nami mtu mzima nikiwa na khanga magotini. Nikamkuta Bundala, mkubwa wa warina, anachonga mzinga. Nikamsalimu, nikanywa uji wake, nikamwuliza habari za wajukuu. Kisha nikasema, "Bundala, mimi sikuulizi jambo la mitini."

"Vizuri," akasema, "maana nisingekujibu."

"Nauliza madebe yangu matupu niliyokuletea. Yatakayobaki matupu ni mangapi, niyarudishe Tabora?"

Akaendelea kuchonga. Akapuliza vumbi. Akasema, "Usirudi na hata moja."

Nikasema, "Hata yale yenye kutu?"

"Hata hayo. Na ukiweza, niletee mengine thelathini."

Hakuna aliyetaja asali! Hata tone! Nilirudi juu ya magunia ya tumbaku naimba peke yangu, dereva akadhani nimelewa. Nikakaa na Tobias, tukaandika madebe yote kuwa yamejaa, tukapiga kwa bei ya Bwana Mansukh, tukatoa kaniki, chumvi, lori, madebe mapya na mshahara wa wachujaji. Kodi ikatoka. Nikaongeza shilingi hamsini juu, nisionekane mwizi. Fedha ninazo tayari, nimezifunga kwenye leso.

Sijalipa bado. Nina maswali madogo tu ya kutaka kujua. Ile risiti, huandikwa jina la nani? Na mtu akilala barazani, chakula anakula cha ndani, sheria inasema anaishi na wenye nyumba au haishi nao? Na je, mtu anaweza kujitokeza tu ofisini akasema mimi ndiye mkubwa wa nyumba hii, nipeni hiyo karatasi nisaini?

Nauliza kwa ajili ya rafiki yangu.

Shangazi yako,
Mwamvita

---

Dar es Salaam
18 Aprili 1967

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Hongera, hongera tena! Nimemsomea Bwana Tajdin habari ya madebe matupu, akasema makadirio hayo ni bora kuliko ya wateja wake wa Mtaa wa India. Mimi nimeona fahari mpaka nimewanunulia ofisi nzima kahawa.

Sasa kuhusu rafiki yako.

Risiti huandikwa jina la anayewajibika. Kama anaishi na mumewe, ni jina la mume. Kama wameachana, au wanaishi mbali mbali kwa namna isiyo na dalili ya kurudiana, basi ni jina lake yeye rafiki. Lakini lazima ithibitishwe, na hakuna uthibitisho mzuri kuliko mume mwenyewe kukiri mbele ya mashahidi na kuandika. Habari za baraza sheria haikuzitaja. Rafiki yako asingoje ofisi iamue habari za baraza.

Kuna jambo jingine, na watu wengi wanaopenda kusaini hawalijui. Anayesaini ndiye anayedaiwa. Mapato yakiandikwa yake, makadirio ni yake kulipa, kutoka mfukoni mwake, kabla ya mwisho wa Aprili. Hesabu ya mwezi wa saba ikizidi makadirio, anafuatwa yeye, na mapato yake mwenyewe ya huko anakotoka yanajumlishwa humohumo. Asipolipa, mali yake inaweza kukamatwa, hata kama ni shamba la michikichi.

Naona rafiki yako amsomee mgeni wake maneno haya. Polepole, na mbele za watu.

Mwanao,
Shomari

---

Ng'ambo, Tabora
29 Aprili 1967

Mwanangu, baba yangu, Shomari,

Leo sianzi na mvua wala mpunga. Nimelipa! Nimeishika risiti!

Ulijua. Michikichi nani alikutajia? Nami nilijua umejua, tukaendelea hivyohivyo na rafiki yetu. Basi nikwambie. Mabruki alishuka na treni ya Kigoma wiki ya pili ya Machi, na sanduku lake la bati. Miaka kumi na mmoja hakuleta hata salamu, ana mke na watoto Ujiji, lakini habari kwamba Serikali imeniandikia ilimfikia kwa watu wa reli. Alifika anatabasamu, akatandika mkeka barazani kwangu, akawaambia majirani amerudi nyumbani kwake. Sikukuandikia kwa sababu niliona haya. Nilijigamba mno kwenye barua ya kwanza. Ningekwambiaje kwamba kuna mtu anataka lile jina langu la taipu lifutwe, liandikwe lake? Maana hakuficha. Alisema yeye ndiye mume, talaka hakutoa, kwa hiyo asali ni yake, na mwezi wa sita atakwenda Ipole kuipokea mwenyewe. Siku hizo nilikuwa silali, nimeificha fomu chini ya mapipa ya nta.

Barua yako ilipofika nikapika pilau. Nikamwalika Bi Koleta, balozi wetu wa nyumba kumi, na Maalim Saidi wa madrasa, na Tobias. Baba yako alikuja na goti lake. Baada ya kula nikaitoa fomu, nikaiweka mkekani mbele ya Mabruki, na kalamu juu yake. Nikasema, "Haya bwana, umeshinda. Saini."

Uso ulimng'aa! Akakunja kanzu, akashika kalamu.

Nikasema, "Lakini kwanza Tobias akusomee alichoandika Shomari kutoka kwa mhasibu, usije ukasema tulikuficha." Tobias akasoma kwa ile sauti yao ya kanisani. Alipofika kwenye kulipa kabla ya mwisho wa Aprili, Mabruki akauliza, "Aprili ipi?"

Bi Koleta akamwambia, "Hii hapa. Imebaki siku chache."

"Lakini asali haijatoka!"

"Fomu ndiyo inayosubiri asali," nikamwambia. "Fedha hazisubiri. Toa." Nikamtajia kiasi. Shomari, ungeiona ile kalamu! Ilirudi mkekani yenyewe. Tobias akaendelea kusoma, akafika kwenye michikichi.

Mabruki akaruka kusimama. "Sikilizeni jamani! Mimi na mama huyu hatuishi pamoja! Tangu Mwingereza yupo hatuishi pamoja! Mimi kwangu ni Ujiji, hapa ni mpita njia tu!"

Maalim Saidi akasema, "Rudia."

Akarudia, kwa sauti kubwa zaidi. Mtaa mzima ulisikia.

"Basi tuyaandike," akasema Maalim, "na kwa kuwa ndivyo ulivyo, mpe na talaka yake, umalize." Mabruki akaitoa palepale. Tobias akaandika, Mabruki akasaini. Alikuja kusaini, amesaini. Baba yako na Maalim wakashuhudia, na Bi Koleta akatia saini yake chini kama muhuri.

Nitakwambia na hili. Aliposema hatuishi pamoja, nilifurahi, lakini palinichoma pia. Ule mwaka aliposhuka Ujiji nilikaa dirishani kila treni ikipita. Ningelia mbele yao, ila pilau lilikuwa halijaisha, nikawapakulia. Asubuhi nilimpa chupa ya asali ya njiani, akashukuru, akapanda treni.

Nami nikaenda ofisini na leso yangu, na ile hati ya mashahidi, siku moja kabla ya mwezi kwisha. Karani akasoma, akagonga muhuri, akaandika risiti: Mwamvita binti Nassibu. Nikamwambia aisome kwa sauti. Akaisoma. Watu wa foleni wakapiga makofi, sijui kwa nini, na mimi nikapiga.

Shangazi yako,
Mwamvita

---

Dar es Salaam
9 Mei 1967

Shangazi yangu,

Shikamoo, shikamoo tena. Nimeisoma barua yako mara nyingi mpaka imechanika mkunjo. Bwana Tajdin ameniomba ruhusa kuwasimulia wenzake, bila majina. Aliposikia "Aprili ipi?" ilibidi tumpe maji.

Pole kwa palipochoma. Hukuwa na haja ya kuona haya kwangu.

Warina wakitoka, jaza fomu kwa namba za kweli, hata zikiwa ndogo kuliko makadirio. Na ile saini ya kwenye fomu, itie mwenyewe.

Nimeomba likizo mwezi wa nane. Usimwambie Batuli, nitamwambia mwenyewe.

Mwanao,
Shomari

---

Ng'ambo, Tabora
21 Julai 1967

Mwanangu Shomari,

Wa alaykum salaam. Huku ni baridi ya asubuhi na vumbi la mchana. Baba yako amekwenda hospitali mwishowe, daktari mtoto wa juzi amemtibu, sasa anamsifu barabarani. Batuli sikumwambia kitu. Amejua tu.

Warina wametoka! Lori limeshusha madebe mlangoni mpaka mtaa mzima ukanukia maua ya porini, na watoto wakalamba vifuniko. Bundala alikuja mwenyewe. Tulipomaliza kuhesabu, sasa kwa midomo na kwa sauti, akaniambia, "Umeona? Hata moja." Madebe yote yamejaa, na yale thelathini juu yake. Makadirio yangu yalipungua kidogo kwa sababu ya hayo ya nyongeza. Nimelipa tofauti siku hiyohiyo, bila kungoja kudaiwa.

Jana nimepeleka fomu kamili, siku kumi na moja kabla ya mwisho wa muda walioniongezea. Nilivaa zile khanga za mwezi wa nne. Nilipita njia ya mashambani, kule babu yako alikokuwa akijificha, nimeishika fomu mkononi watu waione. Karani alikuwa yuleyule. Akaipitia ukurasa kwa ukurasa, akafika mahali fulani akasimama. Kuna nafasi sikuijaza.

Akaniuliza, "Jina la mume?"

Nikamwambia, "Piga mstari."

Akapiga, tena kwa rula.

Shangazi yako,
Mwamvita binti Nassibu